Tezo, Randa na Kiti: Useremala wa Mikono Bukoba na Muleba

Wahenga walisema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Methali hii hutumika zaidi katika mambo ya watu: mkubwa hasogei bila kusukumwa, wala shauri zito haliendi bila wasaidizi. Katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, inafaa pia kuichukua kwa maana yake ya wazi. Mti wa pale haukuingia nyumbani ukawa kiti, meza au kitanda kwa siku moja. Uliingia kwa nyenzo zake: chuma cha mhunzi, tezo ya mchongaji, msumeno wa mmisionari, fedha ya kahawa, na mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote. Anayetaka kujua historia ya Bukoba na Muleba anaweza kuisoma katika vitabu vya vita, dini na siasa. Anaweza vilevile kuisoma katika swali dogo ambalo kila mgeni hulijibu bila kusema neno anapoingia ndani ya nyumba: nani huketi juu, na nani huketi chini?

Nyumba ya zamani ya Buhaya ilikuwa msonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, ikisimama katikati ya migomba ya kibanja. Sakafu yake ilitandazwa nyasi laini zilizokatwa katika uwanda ulio wazi nje ya vibanja, na kuzikata na kuzitandaza ilikuwa kazi ya wanawake. Nyasi hizo ndizo zilizokuwa kiti cha walio wengi. Juu yake waliketi wanawake na watoto, wakala na kuzungumza. Kigoda cha mti kilikuwa kitu cha mwenye nyumba na mgeni wake wa heshima. Na katika ikulu za abakama, wafalme wa Kiziba, Ihangiro, Kyamutwara na falme nyingine za nchi hiyo, kiti kilikuwa alama ya utawala pamoja na ngoma. Kwa Kihaya kiti huitwa entebe. Neno hilo ni la nchi nyingi za maziwa, na mji wa Entebbe ng'ambo ya ziwa ulipata jina lake kutokana na maana hiyo hiyo ya kikao cha mkubwa.

Kigoda hicho hakikuungwa. Kilichongwa kutoka katika gogo moja, na namna hiyo ya kazi yafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia useremala wote wa baadaye. Mchongaji huanza na kipande kizima cha mti, akaondoa kisichotakiwa mpaka umbo libaki. Hana misumari, hana gundi, wala hana kiungo cha kulegea. Akikosea kwa pigo moja, gogo zima limeharibika. Vitu vikubwa vya mti katika maisha ya Mhaya vilitengenezwa hivyo: kigoda, mzinga wa ngoma, na hori refu la kukamulia ndizi kwa ajili ya pombe ya rubisi. Hori hilo huitwa obwato, yaani mtumbwi, na kwa umbo ni mtumbwi kweli, ila safari zake huishia uani. Wanaume waliingia humo na kuzikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Aliyeweza kuchonga hori lisilovuja aliweza kuchonga chochote.

Kuunganisha mbao hakukuwa jambo geni kabisa. Mitumbwi mikubwa ya ziwa, hasa ile ya Wasese na Waganda, ilitengenezwa kwa mbao zilizochongwa kwa tezo na kushonwa kwa nyuzi za mimea, kama vile mitepe ya pwani ilivyoshonwa kwa kamba. Lakini ufundi huo ulikaa majini. Ndani ya nyumba mti ulibaki gogo moja, kiti kimoja, mwenyewe mmoja.

Tezo na shoka vilitoka papo hapo. Katika nchi ya Buhaya chuma ni cha kale kupita kumbukumbu za ukoo wowote. Katuruka, kijiji cha upande wa Maruku katika wilaya ya Bukoba, kilikuwa na mti mkubwa wa matambiko uitwao Kaiija, na mapokeo ya wenyeji husema kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwakusanya wahunzi mahali hapo ili wamjengee mnara wa chuma utakaofika mbinguni. Mnara ulianguka, hadithi ikabaki. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alipochimba chini ya mti huo, miaka ya mwanzo ya 1970, alikuta mabaki ya ufuaji chuma ya kiasi cha miaka 2,500 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri kwa kumbukumbu tu, maana kazi ya kuyeyusha mawe ya chuma ilikuwa imeachwa kwa nusu karne baada ya majembe na vyuma vya Ulaya kuingia kwa wingi. Tanuri lao lilitoa chuma cha pua, na habari hizo zilitangazwa kwa wanasayansi wa dunia mwaka 1978.

Mengi yameandikwa juu ya tanuri hizo, na yanastahili. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba chuma hakikufuliwa ili kistaajabiwe. Kilifuliwa ili kiwe jembe la kulimia, mundu wa kupogolea migomba, shoka la kuangushia mti na tezo ya kuuchonga. Omuhesi, yaani mhunzi, na mchongaji walikuwa nusu mbili za kazi moja. Mhunzi alihitaji makaa ya miti, mchongaji alihitaji makali ya chuma, na wote wawili walichukua walichohitaji katika vilima vile vile.

Katika karne ya 19 mambo ya pwani yalianza kuisogelea nchi hii. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupita Tabora ilifika Karagwe, na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wenye mizizi yao Unguja walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya mfalme Rumanyika. Watu hao walitoka katika miji ambamo kiti kilikuwa na historia yake nyingine. Lamu, Mombasa na Unguja zilikijua kiti cha enzi, kile kirefu cha mti mweusi kilichotiwa njumu za pembe na kusukwa kamba mgongoni na kwenye kikalio, kikatolewa barazani kwa ajili ya mgeni mkubwa. Ulikuwa ni ufundi wa kuunga vipande vingi viwe kitu kimoja, tofauti na ule wa gogo. Hata hivyo maana haikutofautiana: pwani na bara, kiti kilimtenga mtu na wenzake.

Uzito wa maana hiyo ulionekana Februari 1862, wakati Mwingereza John Hanning Speke alipotoka Karagwe na kufika kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda. Desturi ya ikulu ilitaka kila aingiaye mbele ya Kabaka aketi chini, na wafanyabiashara wa kutoka pwani waliifuata. Speke alikataa. Alichukuliwa kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya baraza na kukikalia. Kwa macho ya leo ni ugomvi wa kitoto. Kwa watu waliokuwapo haukuwa hivyo, kwa sababu kila mmoja wao alijua kwamba aketiye juu amejitangaza. Miaka michache baadaye wageni wengi zaidi wangekuja na viti vyao, wala wasingeomba ruhusa.

Mwaka 1875 visiwa vya Bumbire, ambavyo leo ni sehemu ya wilaya ya Muleba, viliiona kazi nyingine ya seremala wa mbali. Henry Morton Stanley alifika huko kwa mashua yake Lady Alice, iliyojengwa Uingereza kwa mbao na kugawanywa vipande ili wapagazi waweze kuibeba mabegani kutoka pwani. Wenyeji waliivuta mashua nchi kavu na kuyatwaa makasia. Wageni walipofanikiwa kuirudisha majini, waling'oa mbao za sakafu yake wakazitumia kama makasia, wakaokoka. Agosti ya mwaka huo Stanley alirudi na bunduki kulipiza kisasi, na watu wengi wa Bumbire waliuawa. Kwa hiyo mbao za kupasuliwa kwa msumeno hazikufika ufukwe wa Ihangiro kwa amani.

Kituo cha Wajerumani cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Miaka miwili baadaye, mwaka 1892, Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi huwaita Mapadre Weupe, walianzisha misheni ya Kashozi baada ya machafuko ya Buganda kuwasukuma kusini. Walutheri wa Bethel kutoka Ujerumani wakafuata mwaka 1910. Misheni ilihitaji mbao kabla ya kuhitaji kitu kingine chochote: kenchi za paa, milango, madirisha, altare, mabenchi ya kanisa, madawati ya shule. Vitu hivyo visingeweza kuchukuliwa vyote kutoka Ulaya, wala havikuweza kuchongwa kimoja kimoja kutoka katika magogo. Ilibidi mti upasuliwe, na vijana wa mahali hapo wafundishwe kuupasua. Mabruda waliokuwa mafundi wakawa walimu wao.

Hapo ndipo mti wa Buhaya ulipoanza maisha yake ya pili. Gogo liliwekwa juu ya shimo refu, mtu mmoja akasimama juu yake na mwingine akaingia shimoni, kila mmoja ameshika ncha yake ya msumeno mrefu. Wa juu aliongoza mstari, wa chini alivuta na kupokea unga wa mbao machoni na mdomoni. Kazi hiyo ilikuwa ya taabu na ilitaka watu wawili wanaoelewana, maana mmoja akivuta kwa hasira ubao hupinda. Kutokana na gogo moja ambalo zamani lingetoa kigoda kimoja na rundo la vibanzi, sasa zilipatikana mbao za viti kadhaa na meza yake.

Na maneno yalikuja pamoja na vyombo. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya karakana, kama kilivyokuwa lugha ya bandari na ya boma. Msumeno, randa, patasi, keekee, jiriwa, msasa: majina haya yalikuwa tayari yamezoeleka kwa mafundi wa majahazi na milango wa Unguja kabla ya kufika Bukoba. Baadhi yake yana safari ndefu zaidi. Meza ni neno la Kireno; randa limetoka mashariki, katika nchi za Waajemi na Wahindi; msasa ni la hapa hapa, jina la mti wenye majani yanayokwaruza ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuchukua kazi yake na jina lake. Kijana wa Kashozi aliyeshika randa kwa mara ya kwanza alishika historia ya bahari nzima, ingawa ziwa lake halikuiona bahari hiyo.

Mafunzo ya misheni yalikusudiwa kwa majengo ya misheni. Matokeo yake yalikwenda mbali zaidi. Kijana aliyejifunza hurudi kwao, na aliyerudi na randa huitengenezea kwanza nyumba yake mwenyewe. Benchi la kufanyia kazi lilisimamishwa uani, chini ya mgomba au chini ya upenu wa nyumba, na huko ndiko useremala wa Buhaya ulikokulia: nyumbani, katikati ya mashamba, katika saa ambazo jembe limepumzika. Vyombo vilikuwa vichache. Mwili wa randa ulichongwa na fundi mwenyewe kwa mti mgumu, ukatiwa ubapa wa chuma. Wahunzi, ambao hawakuyeyusha tena mawe, waliendelea kufua chuma chakavu, na springi ya gari lililokufa ikawa patasi nzuri. Tezo ya zamani haikutupwa. Ndiyo iliyotumika kuondoa sehemu nene kabla ya randa kupita.

Mti wenyewe ulikuwa karibu. Miti miwili hasa imebeba mzigo huo. Wa kwanza ni muhumula, ambao wataalamu wa mimea huuita Maesopsis eminii, jina alilopewa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1895 kwa heshima ya yule yule Emin wa Bukoba. Hukua upesi na kunyooka, hupasuka vizuri, na ubao wake ni mwepesi kwa randa. Kasoro yake ni kwamba mchwa na unyevu huushinda haraka. Wa pili ni mushambya, wenye maua ya manjano, ambao hukua polepole zaidi lakini mchwa hauuwezi kwa urahisi. Kwa hiyo hupendwa kwa nguzo na kwa miguu ya vitu vinavyosimama sakafuni. Baadaye iliongezeka miti ya kigeni, mgrevilea na mkaratusi, iliyopandwa kingoni mwa vibanja. Kutoka msitu wenye maji wa Minziro, kaskazini karibu na mpaka wa Uganda, ilipatikana podo, laini na ya rangi moja. Seremala aliyejua kazi alichanganya: mushambya miguuni, muhumula juu.

Ufukwe wa Bukoba hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo sababu kiti cha huko kina kanuni zake. Ubao mbichi hunywea ukikauka, na ubao mkavu huvimba mvua zinaporudi. Msumari uliopigiliwa katika ubao wa namna hiyo hulegea baada ya misimu michache. Kwa hiyo fundi mwangalifu hupanga mbao zake chini ya paa, huzitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite, na kungoja miezi. Kisha huunga mti kwa mti. Mwisho wa kipande kimoja hukatwa ukawa ulimi, na kipande cha pili hutobolewa kwa patasi tundu lenye kipimo cha ulimi huo. Ulimi ukiingia kwa kupigwa kidogo kwa nyundo ya mti, na usitoke kwa kuvutwa kwa mkono, kazi ni njema. Ukiingia bila kupigwa ni mwembamba mno. Ukilazimishwa, utalipasua tundu. Mwishoni hupitishwa kijiti cha mti mgumu kinachofunga ulimi ndani ya tundu lake, na kiti hicho hukalika bila chembe ya chuma.

Kilichokieneza kiti kikafika katika nyumba za kawaida ni kahawa. Wahaya waliijua robusta tangu zamani. Waliichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna. Mgeni alipewa buni kabla ya kupewa habari. Katika karne ya 20 zao hilo likawa fedha, na baada ya Vita Vikuu vya Pili bei yake ilipanda sana. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, kiliundwa mwaka 1950. Fedha ya kahawa ilijenga nyumba za pembe nne zenye mabati, na nyumba ya pembe nne huuliza maswali ambayo msonge haukuyauliza. Ukuta ulionyooka huomba kabati. Chumba cha mbele huomba meza na viti vya kuizunguka. Sakafu ya saruji ni baridi, na nyasi juu yake hazikai.

Wakulima wengi walikuwa bado chini ya nyarubanja, mfumo uliowafanya wapangaji katika ardhi waliyoilima, wenye kulipa ushuru na utii kwa bwana mwenye kibanja. Mpangaji aliyekwenda kwa bwana wake aliketi chini. Mtu huyo huyo, akirudi kwake, aliweza kuketi katika kiti alichokitengeneza au alichokinunua kwa jirani kwa kahawa ya msimu mmoja. Mamlaka ya machifu yaliondolewa mwaka 1963, na sheria ya mwaka 1965 ikaanza kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja. Sheria hizo hazikuletwa na viti. Lakini zilipokuja ziliwakuta watu ambao miili yao ilikuwa imekwisha kuzoea kukaa kwa usawa wa macho na wengine, kanisani, shuleni, katika mikutano ya ushirika na nyumbani.

Wanawake walikipata kiti baadaye zaidi, wala hawakukipata wote. Katika nyumba nyingi viti vilipoingia, mama aliendelea kuketi mkekani akiwaandalia walioketi juu. Ipo habari nyingine inayopaswa kuwekwa kando ya hiyo. Tangu kati ya vita viwili vikuu, wanawake wa Kihaya waliokwenda kutafuta maisha Kampala, Nairobi na miji mingine walisemwa vibaya sana na watu wa kwao, na baadhi yao walirudi na fedha wakanunua vibanja kwa majina yao. Mwanamke mwenye kibanja chake hakuwa na wa kumwambia aketi wapi.

Useremala wenyewe haukuheshimiwa sawasawa na vitu vilivyotoka mikononi mwake. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya Mwafrika ielekee zaidi kilimo na kazi za mikono. Serikali ya Waingereza iliipenda rai hiyo. Wazazi wengi hawakuipenda, na walikuwa na sababu: waliona kwamba mwenye kalamu ndiye aliyeketi ofisini, na mwenye randa ndiye aliyemtengenezea kiti. Buhaya ilikuwa nchi ya shule kuliko sehemu nyingi za Tanganyika, na ilijivunia mapadre, walimu na makarani wake. Mwana wake Laurean Rugambwa, mzaliwa wa upande wa Kamachumu, alifanywa Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kuuvunja ukuta kati ya kitabu na kazi ya mikono. Ukuta huo ulivunjika kwa maneno zaidi kuliko kwa vitendo. Mtoto aliyeshindwa mtihani ndiye aliyepelekwa kwa fundi, na ufundi ukachukua sura ya adhabu. Hasara ya mtazamo huo haijalipwa mpaka leo, kwa sababu kuukata ulimi uingie katika tundu lake ni hesabu na ni subira, na si kila mwenye cheti anayeviweza viwili hivyo pamoja.

Kisha ukaja wakati ambapo kijiji kizima kilimhitaji seremala, na hakuna aliyefurahi kwamba kazi imeongezeka. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakikaribia asilimia 24 katika mji wa Bukoba, na kiasi cha asilimia 10 katika vijiji vya Bukoba na Muleba. Desturi ya zamani ilikuwa kumzika marehemu ndani ya kibanja cha ukoo, amefungwa katika nguo ya magome ya mti. Dini na fedha zilikuwa zimeongeza sanduku la mbao. Sasa masanduku yalihitajika wiki baada ya wiki, ya watu wazima walio katika umri wa kujenga nyumba na kununua vitanda.

Sanduku la maiti halina muda wa kungoja ubao ukauke. Halina ulimi wala tundu. Hupigwa misumari, kwa kuwa limetakiwa kesho asubuhi. Seremala wa uani, aliyekuwa akingoja miezi ili kiti kikae miaka 40, alijikuta akiupiga randa ubao mbichi usiku kwa taa ya chemli, kwa kipimo cha mtu aliyemfahamu. Mara nyingi mti ulikuwa ule ule uliopandwa kingoni mwa kibanja na baba wa marehemu ukitarajiwa kuwa milango ya nyumba ya mwanawe. Katika historia yote ya kazi hii ya mikono, hakuna kipindi kilichoidai zaidi, wala kilichoipa malipo machungu kuliko hicho. Mafundi wenyewe walikufa pia, wakaacha randa na patasi kwa watoto ambao hawakuwahi kufundishwa namna ya kuzinoa. Ndivyo ujuzi unavyokatika: si kwa kukataliwa na vijana tu, bali kwa kukosekana mtu wa kati, baba, anayesimama baina ya babu na mjukuu.

Dawa za kurefusha maisha zilipoenea katika miaka ya 2000, misiba ilipungua na vitanda vikarudi benchini. Mambo mengine yalikuwa yamebadilika wakati huo. Msumeno wa injini ulikuwa unapasua kwa saa moja kile ambacho watu wawili wa shimoni walikipasua kwa siku, nao ulipoteza mbao nyingi kwa upana wa meno yake na kuirahisisha mno kazi ya kuangusha miti. Makochi ya sponji, viti vya plastiki na makabati ya mbao za kubandikwa kutoka viwanda vya mbali vilifika hadi vijijini. Bei yake ni nafuu na mng'ao wake ni wa haraka. Mvua za Bukoba huvimbisha mbao hizo za kubandikwa na kuzifumua, na kikifumuka hakuna fundi anayeweza kukitengeneza, kwa maana hakina kiungo cha kufunguliwa.

Kiti cha ulimi na tundu hufunguliwa. Mguu ukivunjika, kijiti hutolewa, mguu mwingine huchongwa, na kiti hurudi mahali pake. Kwa hiyo vipo viti katika nyumba za vilima vya Kamachumu na Rubya ambavyo vimebadilishwa miguu na kamwe havijabadilishwa jina; bado huitwa kiti cha babu. Kulinda ufundi huo hakuhitaji makumbusho peke yake. Kunahitaji vitu vitatu ambavyo vilikuwapo tangu enzi za Katuruka: mti unaopandwa upya kwa kila unaoangushwa, makali yanayonolewa, na kijana anayesimama kando ya fundi bila kuonekana kwamba ameshindwa maisha.

Safari ya kutoka katika nyasi za msonge hadi kwenye kiti cha chumba cha mbele ilichukua chini ya miaka 100. Wafalme hawakuitembea kwa niaba ya watu, wala wageni waliokuja na viti vyao hawakuwagawia wenyeji. Iliendwa uani, ubao kwa ubao, na watu walioketi juu ya kile walichokitengeneza wenyewe. Mgeni aingiapo leo katika nyumba ya Bukoba au Muleba huvutiwa kiti kabla ya kuulizwa habari, awe mkubwa au mdogo, mwanamume au mwanamke. Akikaa, akapitisha vidole chini ya ubao, mahali ambapo msasa haukufika, atayagusa makovu ya tezo.